Kanga ya Bundi Wawili

Naomba niisimulie mwenyewe, kwa sababu nikiwaachia wengine mtaipata imeshatiwa chumvi: Mama Furaha anasema nililia hadi nikaanguka (sikuanguka, nilikaa kwenye ndoo), na wale vijana wa Kongo wanaouza viatu mjini wameshaanza kuniita Mama Firauni, nikipita na mfuko wangu wa sokoni wanasimama wote kunipa heshima ya uongo. Kwa hiyo ndiyo, ni mimi, Zuhura wa Tanga, muuza kanga, mkazi wa Sydenham hapa Durban, ndiye niliyeiharibu posa ya binti niliyemlea kwa mikono yangu, mbele ya wakwe, mbele ya majirani, na mbele ya ukoo mzima wa Tanga uliokuwa umejaa kwenye simu. Aibu ile simtakii hata yule mwanamke wa meza ya pili sokoni anayeniibia wateja wangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Mtu akinisalimia kwa furaha nyingi najiuliza anataka nini, muuza nyanya akiniongezea moja ya bure naigeuza kutafuta palipooza, na gari likisimama kwenye robot (taa za barabarani, kwa watu wa huku) muda mrefu huku taa imeshakuwa kijani, mimi nimeshahamia upande wa pili wa barabara. Na kwa habari ya kanga ndiyo usiniambie kitu, maana kanga ilishaniumiza. Zamani kule Tanga jirani mmoja alinizawadia kanga nzuri sana, nikaivaa harusini bila kuyasoma yale maandishi ya chini, yaani jina la kanga (nilikuwa nimechelewa, ndiyo sababu), nikazunguka ukumbi mzima nikicheka na watu, kumbe huko nyuma nimebeba maneno ya kumsema mwanamke anayeomba chumvi kwa watu kila siku. Na kweli nilikuwa naomba chumvi kwake! Watu walicheka mpaka biharusi akacheka. Tangu hapo nikajiwekea sheria, kanga ambayo sijaisoma jina siipokei, siivai, siilalii. Shikeni hapo kwenye hiyo sheria, maana ndiyo iliyoniua.

Sasa Rehema. Rehema ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Dada alifariki mtoto bado anajifunza kutembea, nikamchukua, na nilipohamia Durban nikaja naye. (Jina la dada nitalitaja likifika mahali pake, msiniharakishe, kwa maana miaka yote ile nilikuwa silitaji. Nilikuwa nasema "mama yako" au "marehemu", basi, kwa sababu nikilisema jina lenyewe siku inaharibika.) Rehema anasuka nywele saluni moja kule Overport, ana mikono miepesi na roho nyeupe, anaamini watu kupita kiasi, kwa hiyo ilibidi mimi nishuku kwa niaba ya wawili. Ndiye mtu pekee niliyebaki naye hapa ugenini, na nilikuwa naogopa kumpoteza, niseme ukweli. Kila mwanamume aliyemkaribia nilimwangalia kama mtu anayekagua noti kwenye mwanga wa dirisha.

Akaja Ramazani. Mkongo, mtu wa Kasongo, Mwislamu mwenzetu, mrefu, mpole, kaja na keki, na akaniambia shikamoo. Wakongo ninaowajua mimi wananiambia "jambo mama" na maisha yanaendelea, sasa huyu shikamoo kaitoa wapi? Nikajua amefundishwa, na mtu aliyefundishwa ana jambo lake.

Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema anasoma chuoni, upande wa Glenwood, amepanga chumba huko huko, na mchana akimaliza anawafundisha Kifaransa watoto wa watu kule Westville. Anasoma nini? Akasema anatafuta maana na asili ya maneno ya Kimisri cha kale, kile cha enzi za mafirauni. Nikamuuliza nani anakizungumza hicho Kimisri siku hizi, akasema hakuna mtu, Mama, kilishakufa. Nikanywa chai. Mwanamume mzima, ana nguvu zake, katoka Kongo mpaka Durban kuja kutafuta maana ya maneno ambayo hakuna mtu wa kuyasema! Nikajiambia hii ni kazi ya kufunikia kazi nyingine, na hiyo nyingine nitaijua tu.

Nikamtega. Nikamwambia hebu nitajie neno moja. Akasema paka walimwita miu, kwa ajili ya mlio wake (nikamwangalia Rehema, yaani watu wanalipa ada kujifunza kwamba paka hulia miau?). Akasema neno letu la abunusi, la ule mti mweusi wa kuchongea, ukilifuata nyuma linapita kwa Waarabu, linapita kwa Wagiriki, linaishia Misri, na kwamba lilitamkwa kama hebeni au karibu na hapo, kwa sababu wale watu hawakuandika irabu na hakuna anayejua kwa hakika. Nikamshika hapo hapo: kama hata kulitamka hujui, maana yake umeijuaje? Akacheka, akasema ni swali zuri sana. Mtu akiniambia swali langu ni zuri na halijibu, mimi naandika moyoni.

Halafu akaingia kwenye Firauni. Mnajua kwetu ukimwita mtu firauni mnaachana hapo hapo, lakini huyu akaanza kumtetea.

"Mama, Firauni kwa mwanzo haikukuwa jina ya mutu," akasema. "Ilikuwa jina ya nyumba yake. Per-aa, nyumba kubwa. Nyuma, batu bakazoea kuita mufalme mwenyewe vile."

Rehema akadakia kwamba ni kama sisi tunavyosema Ikulu imekataa, wakati majengo hayana mdomo, wakaangaliana wakacheka, na mimi nikaona jinsi mtoto anavyopelekwa huku naangalia. Kilichonikaa kooni zaidi ni alichosema mwisho. Akasema kwa watu wale jina lilikuwa sehemu ya mtu, kama moyo wake au kivuli chake, na mfalme akitaka kummaliza adui aliyekwisha kufa alituma watu wakalichonge jina lake litoke ukutani, basi adui amekufa mara ya pili. Jamani. Mtu kaja kuomba mke, kakaa kwenye kochi langu, anakula keki yake mwenyewe, na mazungumzo yake ni ya kumaliza watu kwa majina yao! Usiku ule jina langu sikulisema hata kwenye simu, aliyepiga nikamwambia "ni mimi".

Lakini Rehema alikuwa ameshapenda, na kaka Shabani, mkubwa wetu aliyeko Tanga, akasema kijana ni Mwislamu, ana elimu, hajakimbia maswali, walete posa. Mshenga wao akawa Papa Idi, mzee wa Kikongo anayeheshimika mjini, mtu wa suti hata kwenye joto, hana mzaha na neno lake. Ikapangwa Jumapili, nyumbani kwangu, na Tanga watakuwepo kwa simu ya video.

Sasa kwetu vitu vya posa havifunguliwi mpaka watu wamekaa. Na katika vitu hivyo doti ya kanga ya mama wa binti ndiyo inayosubiriwa, kwa sababu inakunjuliwa hadharani na jina lake linasomwa kwa sauti, kila mtu asikie mkwe anasema nini. Papa Idi akaleta sanduku Jumamosi, akaomba nimhifadhie kwa vile chumba chake kimejaa viatu vya biashara, akaniambia nisilifungue mpaka yeye mwenyewe afike. Nikamwambia Papa Idi, wewe unanijua. Akasema ndiyo sababu ananiambia.

Rehema alikuwa saluni. Nyumba kimya. Mimi na sanduku. Nikalipita mara ya kwanza nikienda jikoni, nikalipita nikirudi, nikajiambia Zuhura, wewe una sheria yako, na sheria inasema kanga husomwa kabla haijapokewa, sasa kesho ukiipokea mbele za watu na ina tusi utafanyaje? Nitachungulia tu, nasoma jina, narudisha. Hapo ndipo nilipopotea, kwenye hilo la kuchungulia tu.

Ilikuwa doti nzima haijakatwa, nyekundu na nyeusi, pamba nzito (hapo sina ubishi, pamba naijua), imechapishwa maalumu, na pale mahali pa jina, badala ya maneno, kulikuwa na vipicha vya vitu na vinyama. Kulikuwa na mdomo peke yake hauna uso. Kulikuwa na mawimbi ya maji. Kulikuwa na ule msalaba wenye kitanzi kichwani, ambao watu wa mtandaoni wanasema ni alama ya wale matajiri wa vyama vya siri wanaotoa ndugu zao kafara. Kulikuwa na kifaranga. Na kulikuwa na bundi. Bundi wawili, wakati vinyama vingine vyote vinatazama pembeni, wao wamegeuza uso mzima, wananiangalia mimi.

Nyie ambao hamkulelewa pwani niwaeleze. Bundi kwetu akitua juu ya paa, watu wanaanza kuhesabu wagonjwa wa mtaa. Bundi hatajwi kwenye nyumba yenye mtoto. Na huyu kijana kamweka, tena wawili, kwenye kanga ya posa, aje kunifunga nayo kiunoni! Nikasema ndiyo hii, kazi yenyewe ndiyo hii, Kimisri kilikuwa pazia.

Nikafanya kosa la pili, nikaenda ukutani kumwita Mama Furaha. Mama Furaha ni jirani yangu, mtu wa Bukavu, anasali sana, ana moyo mzuri lakini ni mtu wa kushuku kunishinda mimi, na watu wawili wa namna yetu hawatakiwi kukaa na kitu kimoja. Akaishika kanga kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu.

"Zuhura, ii haiko nguo," akasema. "Iko agano. Banataka kukufunga weye na mutoto."

Akaniambia kesho baada ya kanisa dada zake wa maombi wanakuja kwake, wana ombi la mtihani wa kijana wake, kwa hiyo wataiombea na hii, halafu wataichoma kwenye lile jiko lake la braai, la kuchomea nyama, uani, na isilale kwangu hata usiku mmoja. Nikampa. Nilipumua, jamani, nilipumua kama mtu aliyetua gunia. Wala sikutaka kumwaibisha mtu, mpango wangu ulikuwa wa kistaarabu kabisa: posa iendelee, vitu vipokewe, kanga tu ndiyo iwe nyingine, halafu kijana nitamsoma taratibu huko mbele. Nikatoa kwenye bidhaa zangu doti inayofanana, nyekundu na nyeusi, ilikuwa chini kabisa ya rundo haikununuliwa muda mrefu, nikaikunja maandishi ndani, nikaiweka sandukuni, nikafunga. Kwa haraka ile, mimi Zuhura mwenye sheria, sikusoma jina.

Jumapili wakaja. Wakongo wamependeza, suti, vitenge, manukato mpaka nje, Ramazani kavaa kanzu nyeupe anatoka jasho. Pilau langu lilikuwa limekubali. Tukaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, kaka Shabani akajaa kioo kizima, nyuma yake mashangazi wanasukumana waonekane. Dua ikasomwa, Papa Idi akasimama akaeleza wametoka wapi na wanatafuta nini, kwa maneno mazuri ambayo mimi sikuyasikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza upande wa pili wa ukuta kama wale wa maombi wameshafika. Walikuwa wameshafika, walikuwa wanaimba.

Papa Idi akafungua sanduku. Akasema kabla ya yote kuna kanga ya mama, na kwamba kijana wao ameitengeneza kwa kichwa chake mwenyewe, haiko dukani popote duniani, na baada ya kukunjuliwa ataeleza kila alama. Nikaona Rehema ananiangalia kwa furaha, macho yanamng'aa, na kwa mara ya kwanza nikapata wasiwasi ambao haukuwa wa bundi.

Akaikunjua, akaigeuza moja kwa moja kuelekea kwenye simu, Tanga waone kwanza kwa heshima. Shabani akasogeza uso, hana miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, kipande kwa kipande, na nyumba nzima inamsubiri amalize.

"BINTI... MMELEA... ADABU... MMESAHAU."

Sijui niwaambie nini. Ni kanga ya mama wakwe, ile wanayonunua wakitaka kumchoma mkwe bila kufungua mdomo, inauzika sana ila hiyo moja ilikuwa na doa. Shabani akarudia kusoma, mara hii kwa ndani, tukaona midomo inatembea. Kisha akauliza yule mzee mwenye suti amekuja kuoa au amekuja kututukana, mbona tulimpa kiti? Mashangazi wakapiga vigelegele vya kinyume, vile vya vita. Papa Idi akaigeuza kanga, akaisoma, akabadilika rangi. Akamgeukia Ramazani akamuuliza ni yeye aliyefanya hivi. Ramazani akasema alimkabidhi sanduku likiwa sawa, akamwangalia Papa Idi. Papa Idi akaona anaangaliwa. Mzee wa watu, ambaye mji mzima unampa masanduku yake ya siri, anashukiwa na kijana aliyemsimamia! Akasema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kuaibishwa namna hii, akaanza kufunga vifungo vya koti. Wenzake wakasimama. Shabani anapiga kelele kwenye simu kwamba hakuna posa, imekufa. Kila mtu chumbani anamshuku mwenzake, na mtu pekee ambaye hakuna aliyemshuku ni mimi.

Na nilitaka kunyamaza. Nawaambia ukweli wangu wote. Kwa dakika ile niliona kwamba nikinyamaza tu Wakongo wataondoka, Rehema atalia kidogo, atabaki na mimi, na nilishaanza kuweka uso wa huzuni.

Lakini Rehema alikuwa ameinama, ameshika pindo la ile kanga. Yeye ndiye anayenipangia bidhaa.

"Mama mdogo, hii ni yetu," akasema. "Hili doa la chai nililimwaga mimi. Ya Ramazani iko wapi?"

Nikafungua mdomo niseme sijui. Kabla neno halijatoka, upepo ukaleta moshi wa mafuta ya taa dirishani, na huko ukutani sauti ya Mama Furaha ikapanda ikisema ichomeke yote, ichomeke mpaka mizizi. Watu wote wakageuka dirishani, halafu wakanigeukia mimi.

"Iko kwenye braai," nikasema.

Ramazani alishatoka. Aliruka ule ukuta na kanzu yake nyeupe, tukamfuata kwa kupitia getini, mimi nimeacha kiatu kimoja, Papa Idi ameshika simu mkononi bila kujua, kwa hiyo Shabani na mashangazi wakakimbizwa nao, wanaona miti, wanaona mbingu, nasikia wanauliza Zuhura, kuna moto? Uani kwa Mama Furaha akina mama wa maombi wamezunguka jiko, na Ramazani amepita katikati yao, ameishika kanga kwa mkono mtupu, anaivuta, kanzu imeshika masizi mpaka kifuani. Akina mama wakadhani agano limekuja kujitetea lenyewe, wawili wakakimbia. Mama Furaha (Mungu ambariki kwa hili) akamwaga ndoo nzima ya maji, nusu kwa moto na nusu kwa Papa Idi na suti yake.

Kipande cha kwanza cha doti kilikuwa kimekwisha. Cha pili kimeungua nusu, mpaka kwenye jina. Ramazani akakitandaza kwenye nyasi, anapuliza vidole vyake. Hakunitukana, angalau angenitukana. Nikamuuliza kwa ukali, maana mtu mwenye kosa ndiye mwenye ukali, bundi hao waliletwa kufanya nini kwenye nyumba yangu?

Akapiga magoti pembeni ya kile kitambaa, akaweka kidole.

"Bundi ni sauti tu, Mama. Iko mmm. Hii kifaranga ni w, hii maji ni n. Bundi tena. Soma na mie." Akapeleka kidole taratibu, kinyama kwa kinyama. "Mwa. Na. Mi. Si."

Mwanamisi. Dada yangu alikuwa anaitwa Mwanamisi.

Na pale palipoungua? Akasema pale palikuwa na ule msalaba wa kitanzi, ankh, ambao ni uzima, na mdomo na maji pamoja, ren, ambayo ni jina. Ilikuwa inasema, yeye anayelifanya jina la Mwanamisi liishi. Ndivyo Wamisri walivyoandika kwa mtoto au ndugu aliyebaki nyuma, anayemkumbuka aliyekwenda. Alikuwa ananisema mimi. Mkwe alikuja kuniambia mbele ya ukoo wote kwamba dada hajafa kabisa kwa sababu mimi nipo, na mimi nikamtuma Mama Furaha alichome jina lake kwa mafuta ya taa, mara ya pili.

Rehema alikuwa amesimama juu yangu, halii.

"Nilimwambia aandike jina la mama kwa sababu wewe hulitaji," akasema. "Nilitaka liwepo mahali."

Hapo ndipo nilipokaa kwenye ndoo. Nililia, ndiyo, nililia kwa sauti mbele ya Wakongo na watu wa maombi na Tanga nzima, na katikati ya kilio nikasikia mtu anaita Mwanamisi, Mwanamisi, kumbe ni mimi. Shabani kwenye simu naye akaanza kulia, na mashangazi wakapokea, yaani kukawa na msiba uliochelewa miaka yote ile, umefanyika uani kwa mtu, pembeni ya jiko la nyama. Mama Furaha akakaa chini pembeni yangu akanishika mguu ule usio na kiatu. Alisema eish, Zuhura, tulipaswa kuuliza.

Posa haikufa. Papa Idi, akiwa amelowa, akasema kwao mwenye kosa hutoa faini. Faini ya kwanza ni Shabani amwombe radhi kwa sauti (Shabani akaomba, na kumsikia Shabani akiomba radhi ni jambo ambalo mashangazi bado wanalisimulia). Faini ya pili ni ile kanga ya tusi, akasema anaichukua yeye. Nikaona ni faini nyepesi. Siku ya harusi mkewe aliingia ukumbini akiwa ameivaa, doa la chai limegeuzwa ndani, BINTI MMELEA ADABU MMESAHAU mgongoni kwa herufi kubwa, akaja kunikumbatia kwa muda mrefu sana ili wapiga picha wapate. Nilistahili, sina neno.

Kushuku sijaacha, msije mkanisifu bure. Hata jana Ramazani kaniletea samaki nikamnusa mara tatu. Ila nimeapa, kitu nisichoweza kukisoma sikigusi kabla ya kumuuliza mwenye nacho, na sanduku la mtu mwingine silipiti hata karibu, nazungukia nje.

Ramazani alitaka kunichapishia doti nyingine nzima, nikakataa. Nimekipinda kile kipande, nimekishona ukingo ulioungua, na ndicho ninachojifunga mezani kwangu mjini. Wateja wanawaona wale bundi, wanashtuka, wanauliza mama, kanga hii inasemaje? Maneno ya kwanza yaliungua, limebaki jina peke yake, kwa hiyo inabidi ya kwanza niyaseme mimi kwa mdomo wangu. Wakiniuliza Mwanamisi ni nani, naacha kukunja, nawavutia kiti.